Hita inadondosha maji? Usikubali izibwe

Msomaji mmoja wa ukurasa huu, mama wa watoto wawili anayeishi Njombe, alinitumia ujumbe na picha wiki iliyopita. Waliweka hita ya maji moto bafuni mwezi Mei, kabla baridi haijakolea, kwa ajili ya watoto wanaooga alfajiri kuwahi gari la shule. Hita ni ya lita 50 na inafanya kazi vizuri. Shida yake ni moja: kila ikiwashwa, kuna kivalvu chini yake kinachodondosha maji. Ameweka kopo, na muda wa kuzima hita ukifika, kopo huwa na kama robo tatu ya lita. Fundi bomba amemwambia hiyo ni kasoro ndogo tu, ataleta plagi aizibe, elfu tano inatosha. Mama huyo aliniuliza swali la kiafya: maji hayo yana rangi ya kutu kidogo, je, watoto wakiyakanyaga au kuyachezea yatawadhuru?

Maji hayo hayana neno, labda kumtelezesha mtu sakafuni. Plagi ndiyo yenye hatari. Nilimjibu siku ileile: dada, mwambie fundi asiizibe. Lakini nadhani fundi huyo hayuko peke yake, na hita hizi sasa zipo kwenye nyumba nyingi za Mbeya, Iringa, Arusha, Lushoto, na hata Dar es Salaam ambako mtu wa bara hawezi kuelewa ya nini. Kwa hiyo leo tuingie bafuni.

Maji yakipashwa moto hutanuka. Chukua lita 50 za maji ya nyuzi joto 20, uyapashe mpaka nyuzi 60: yataongezeka kwa zaidi kidogo ya robo tatu ya lita. Yafikishe nyuzi 70, ongezeko linakuwa lita moja nzima. Ndiyo ile robo tatu iliyomo kwenye kopo la mama wa Njombe. Hita yake inafanya hesabu sawasawa. Tenki limejaa, halina nafasi ya ziada, na maji hayabanwi yakakubali kama hewa inavyobanwa kwenye tairi. Ongezeko hilo lazima liende mahali.

Lingeweza kurudi lilikotoka, yaani kwenye bomba la maji baridi. Lakini kivalvu hicho kimeundwa kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kuruhusu maji baridi yaingie bila kurudi nyuma. Ya pili ni kufunguka chenyewe shinikizo la ndani linapozidi kiwango, ambacho kwa hita nyingi za umeme zinazouzwa huku ni baa 8. Mara nyingi namba hiyo imeandikwa kwenye kivalvu chenyewe. Maji yanapotanuka na kukosa pa kurudi, shinikizo hupanda, kivalvu kinafunguka kidogo, matone yanatoka, shinikizo linashuka. Kudondosha wakati maji yanapashwa ndiyo kazi yake.

Ukipika maharage kwa presha kuka unalijua jambo hili kwa mikono yako. Kile kidude kinachopiga filimbi juu ya mfuniko ni ndugu wa kivalvu cha hita. Wote wawili wametokana na valvu ya usalama ya Denis Papin, Mfaransa aliyetengeneza chungu cha kupikia kwa mvuke mjini London katika karne ya 17, kisha akaona asipokiwekea tundu la kupumulia kitampasukia. Hakuna mama anayeweza kufunga kile kidude kwa waya eti kinapiga kelele. Cha bafuni tunakifunga kwa sababu hakipigi kelele, kinalowesha tu sakafu.

Sasa tuseme plagi imewekwa. Kwa siku nyingi huenda pasitokee kitu cha kuonekana, maana tenki lina uvumilivu wake, ingawa kila asubuhi linavimbishwa na kulegezwa, na viungo vyake vinachoka. Siku mbaya ni ile ambayo themostati, yaani kile kifaa kinachokata umeme maji yakifika joto lililopangwa, inashindwa kukata. Koili inaendelea kupasha. Kwenye sufuria la wazi maji yangechemka kwa nyuzi 100 na mvuke ungepanda zake. Kwenye tenki lililofungwa hayachemki kwa nyuzi 100. Chini ya shinikizo la baa 8 yanaweza kuvuka nyuzi 170 yakiwa bado maji. Siku tenki litakapopasuka, shinikizo linaondoka ghafla, na sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Bafu letu la mita mbili kwa moja na nusu halina nafasi hiyo, na ukuta wa tofali hauwezi kuizuia.

Hii si habari ya viwandani tu. Nchi za baridi, ambako karibu kila nyumba ina boila ya kupasha maji au ya kutoa mvuke unaozungushwa kwenye mabomba mpaka vyumbani, zilijifunza kwa vifo. Ndiyo maana huko boila haiwekwi bila valvu ya usalama, na ni marufuku kuweka koki au kizibo chochote kati ya valvu hiyo na tenki. Hita ya bafuni ni boila ndogo. Sheria ya maumbile ni ileile.

Kwa hiyo fundi afanye nini na matone? Afunge kipande cha mpira au bomba linalostahimili joto kwenye mdomo wa kivalvu, kiteremke chini muda wote bila kupanda kilima, kiishie kwenye mtaro wa bafu au nje ya ukuta mahali unapoweza kuona. Kisizibwe, kisiwekwe koki, na kisielekezwe mahali mtoto anaposimama. Kazi ya nusu saa. Mlipe hiyo elfu tano kwa kazi hiyo.

Kuna namna ya kudondosha isiyo ya kawaida. Kama kivalvu kinatiririsha hata hita ikiwa imezimwa na maji yamepoa, ama kimeingia uchafu, ama kimechoka, ama maji ya mamlaka yanakuja na shinikizo kubwa mno usiku wakati watu hawatumii. Hapo kibadilishwe, au fundi aongeze valvu ya kupunguza shinikizo mahali maji yanapoingia nyumbani. Na kama hita inadondosha maji kwenye mwili wa tenki lenyewe, si kwenye kivalvu, zima umeme, tenki limeoza. Upande mwingine, kivalvu ambacho hakijawahi kutoa hata tone moja nacho kinatia shaka. Vingi vina kijiti cha kunyanyua. Mara moja kwa mwezi kinyanyue kidogo huku ukijikinga, maji yatoke, kirudishe. Maeneo yenye maji ya chumvichumvi, kivalvu hushikana na chokaa na kuganda kama koki ya zamani, na hapo unakuwa na plagi bila kujua.

Nilimuuliza mama wa Njombe swali moja zaidi, ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko lile la plagi kwa sababu linahusu jambo linalotokea mara nyingi zaidi. Maji baridi ya shawa yanatoka wapi?

Alimuuliza fundi, akarudi na jibu: maji ya moto yanatoka kwenye hita, na hita inalishwa na simtanki lililo juu ya mnara nyuma ya nyumba. Maji baridi ya shawa yanatoka moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ya maji. Fundi alifanya hivyo kupunguza bomba. Lile la baridi lilikuwepo tayari ukutani tangu zamani.

Mpangilio huo upo kwenye nyumba nyingi mno, hasa zile zilizoongezewa hita baadaye. Fikiria mtoto wa miaka sita yuko chini ya shawa. Ameshafungua koki mbili, amechanganya, maji yamekuwa vuguvugu. Maji ya mamlaka yanakatika, kama yanavyokatika bila kumwambia mtu. Baridi inakauka, moto unaendelea kushuka kutoka kwenye hita, maana simtanki limejaa. Ndani ya muda mfupi mtoto anamwagiwa maji ya nyuzi 60 au 70 yasiyochanganywa na chochote. Amefumba macho kwa sababu ya sabuni. Hajui koki ipi ni ipi. Sakafu inateleza.

Ana muda gani? Mwaka 1947 watafiti wawili wa Marekani, Moritz na Henriques, walichapisha vipimo vya muda ambao ngozi ya mtu huchukua kuungua kwa maji ya joto tofauti, na mpaka leo vipimo hivyo vinatumika. Kwa mtu mzima, maji ya nyuzi 49 yanahitaji zaidi ya dakika 5 kuunguza vibaya. Nyuzi 60 yanahitaji kama sekunde 5. Nyuzi 70 hayafikishi sekunde moja. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu, kwa hiyo muda wake ni mfupi zaidi. Rudia kusoma namba hizo ukiwa unamfikiria mwanao, si fundi. Tofauti ya nyuzi 11 tu, kati ya 49 na 60, inaondoa dakika zote za kukimbilia bafuni.

Ndiyo sababu nasema mtoto huungulia kwenye koki, lakini uamuzi ulishafanywa siku mabomba yalipopangwa. Maji ya moto na ya baridi ya bafu moja yatoke kwenye chanzo kimoja. Kama hita inalishwa na simtanki, baridi ya shawa nayo itoke kwenye simtanki hilohilo. Likikauka, yanakata yote mawili kwa pamoja, au angalau moto hauwezi kuendelea peke yake kwa nguvu. Na bomba la baridi la shawa lisichanganywe na la choo kama inawezekana, maana mtu akivuta maji ya choo, baridi ya shawa inapungua ghafla na moto unapanda. Aliyewahi kuruka nyuma chini ya shawa kwa sababu mtu amevuta choo ananielewa.

Kwa nyumba inayojengwa, hili halina gharama ya maana. Ni mita chache za bomba. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa ni kuchimba ukuta, na najua wengi wataahirisha. Kwa hao kuna kifaa: valvu ya kuchanganya yenye themostati ndani yake. Inafungwa kwenye mdomo wa maji ya moto ya hita, inapokea moto na baridi, na inatoa maji ya joto moja lililopangwa. Baridi ikikatika, inafunga na moto pia. Si rahisi kuipata kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi na bei yake inaweza kukushtua kidogo, lakini ukilinganisha na bei ya hita yenyewe, mimi ningeikata kwenye bajeti ya vigae.

Kwa nini tusipunguze tu joto la hita mpaka nyuzi 49 tuishie hapo? Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani inazishauri familia kufanya hivyohivyo. Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya moto yahifadhiwe kwa nyuzi 60 au zaidi. Wanaonekana kupingana, ila kila mmoja anatazama hatari yake. Kuna bakteria aitwaye Lejionela, anayependa maji ya kati ya nyuzi 20 na 45, hasa yaliyotuama, na anayekufa yakifika 60. Huingia mapafuni mtu anapovuta hewa yenye vitone vidogo vya maji, kama vile vya shawa, akasababisha nimonia kali. Aligunduliwa baada ya mlipuko wa ugonjwa katika mkutano wa wanajeshi wastaafu mjini Philadelphia mwaka 1976. Wanaodhurika zaidi ni wazee, wavutaji sigara na wenye kinga dhaifu.

Valvu ya kuchanganya inamaliza ugomvi huo: tenki linakaa nyuzi 60, koki inatoa chini ya 49. Kama huna valvu hiyo na una watoto wadogo, na hita yako ni ndogo inayotumika na kumalizika kila siku, mimi ningechagua kumlinda mtoto dhidi ya kuungua: shusha joto mpaka karibu nyuzi 50, na mara moja kwa wiki lipandishe mpaka mwisho kwa saa kadhaa wakati hakuna anayeoga. Kisha lishushe tena, na ukumbuke kulishusha. Bafu la wageni ambalo halijatumika miezi, fungua dirisha, acha maji yatoke dakika kadhaa mwenyewe ukiwa nje, ndipo bibi aingie kuoga.

Kitasa cha hita nyingi hakina namba, kina vidoti tu. Pima kwenye koki. Kipimajoto cha homa hakifai, kinaishia nyuzi 42 au zaidi kidogo. Tumia kile cha jikoni cha kupimia nyama au keki. Kama huna, azima. Jaza kikombe kwa maji ya moto yaliyotoka dakika moja, tumbukiza, soma.

Nirudi kwenye mabomba kidogo kabla sijaingia kwenye umeme. Bomba la plastiki la kawaida, lile la PVC la maji baridi, halifai kwa maji ya moto; linalegea likikaribia nyuzi 60 na viungo vya gundi vinaachia. Mwambie fundi atumie PPR yenye alama ya maji ya moto, yale yanayounganishwa kwa kuchomelewa, au ya shaba kama mfuko unaruhusu. Halafu uzito. Hita ya lita 80 imebeba kilo 80 za maji peke yake, tenki halijahesabiwa. Isitundikwe kwenye ukuta wa jipsamu wala kwenye tofali bovu kwa misumari minne ya matumaini. Fundi akishamaliza, maji yajazwe kwanza: fungua koki ya moto mpaka yatoke mfululizo bila kukoroma hewa, ndipo umeme uwashwe. Koili ikiwaka bila maji inaungua. Kwenye maeneo ya mgao, kivalvu kibovu kisichozuia maji kurudi nyuma kinaweza kuacha tenki linyonywe taratibu kupitia bomba la baridi, na asubuhi unawasha hita tupu.

Umeme wa bafuni ndio eneo ambalo Watanzania, na majirani zetu wa Kenya wenye shawa za umeme za kupasha maji papo hapo, tumezoea jambo ambalo halipaswi kuzoeleka. Nazungumzia ile hali ya shawa kukutekenya. Watu wanaoga na kandambili, wanafungulia koki kwa taulo kavu, na wageni wanaelekezwa mlangoni wasiguse bomba. Huo ni umeme unaovuja kukutafuta. Mwili ukilowa unaupitisha vizuri zaidi, na mwili wa mtoto hauna ubavu wa kuuhimili.

Shawa ya papo hapo hula umeme mwingi kuliko hita ya tenki. Hita ya tenki ni kilowati 1.5 au 2. Shawa hizi huzidi kilowati 5, yaani zaidi ya ampea 20 kwa umeme wetu wa volti 230. Haiwezi kuungwa kwenye waya wa taa au soketi ya jirani. Inahitaji waya wake mnene kutoka swichi kuu, breka yake, waya wa ethi uliofika kweli ardhini, na kile kifaa kinachokata umeme chenyewe kikihisi unavuja. Kifaa hicho kina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze leo, umeme ukikataa kukatika, hakikulindi. Kazi hii si ya fundi bomba. Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na umwombe akupimie ethi mbele yako kwa mita, si kwa maneno.

Wenye hita za jua msidhani mmepona. Jua la mchana kutwa, familia ikiwa haipo, linaweza kupandisha maji ya paani karibu na kuchemka. Mnarudi jioni, mtoto anakimbilia bafuni. Bila valvu ya kuchanganya, hizo ndizo zinazotoa maji makali kuliko zote.

Na gesi. Hita za gesi zimeanza kuingia, zinapasha haraka na hazijali umeme kukatika. Zina moto ndani yake, na moto unakula hewa na kutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Hujishika kwenye damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea hewa chafu nje haipaswi kuwekwa ndani ya bafu, hata kama lina kidirisha. Iwekwe nje ya ukuta, maji ya moto ndiyo yaingie ndani. Jiko la mkaa linalowekwa bafuni au chumbani kuwapashia watoto joto ni hewa ileile, na habari za watu kufa usingizini kwa sababu hiyo hazijakoma.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Zinafanana na malaria iliyoanza, ila hakuna homa, zinawashika watu wawili au watatu wa nyumba moja kwa pamoja, na zinapungua wakitoka nje. Mkiona hivyo, watoeni wote nje kwanza, kisha hospitali, na umweleze daktari habari ya hita au jiko, maana asipoambiwa anaweza kupima malaria tu. Ndugu zetu wanaoishi na boila huko Ulaya na Marekani wanawekewa kingʼora cha hewa hiyo ndani ya nyumba. Ukipata anayekuja likizo, mwagize hicho badala ya manukato.

Wengi wanaosoma hapa hawana hita kabisa, wana sufuria na ndoo. Kwa watoto wadogo, maji, chai na uji wa moto ndiyo visababishi vikubwa vya kuungua, hita au hakuna hita. Kanuni ya beseni ni moja: baridi itangulie, moto ufuate, koroga mpaka chini, ingiza kiwiko, ndipo mtoto aingie. Kwa mtoto mchanga maji yawe nyuzi 37 au 38. Ndoo ya maji ya moto isisubiri sakafuni hata kwa muda wa kuchukua taulo.

Mtoto akishaungua, mtoe kwenye maji, mvue nguo, shanga na bangili haraka kabla hajavimba, isipokuwa nguo iliyoganda kwenye ngozi. Weka sehemu iliyoungua chini ya maji baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20 kamili, ukitazama saa. Mgao umekata? Chota kwa kopo, mimina polepole, rudia. Yana faida hata kama zimeshapita saa mbili tatu tangu aungue. Sehemu nyingine ya mwili mfunike asipate baridi, hasa huko Njombe na Makete. Usiweke barafu, dawa ya meno, yai, asali, mafuta wala unga. Vyote hivyo vinabana joto ndani au vinaingiza uchafu, na nesi atalazimika kuvikwangua huku mtoto akilia. Usitoboe malengelenge. Funika kwa kitambaa safi au nailoni safi ya kufungia chakula bila kukaza, mpe dawa ya maumivu ya watoto kwa kipimo cha uzito wake.

Mpeleke kituo cha afya bila kusubiri kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe, kama liko usoni, mikononi, miguuni, kwenye kiungo au sehemu za siri, kama ngozi imekuwa nyeupe au haina maumivu kabisa, au kama ana umri chini ya mwaka mmoja. Beba kadi yake ya kliniki, watataka kuona kama amekamilisha chanjo ya pepopunda.